Jinsi ya Kutambua Madokezo ya Vipindi vya Zamani Katika Doctor Who: Mwongozo Kamili

Katika kipindi "Gridlock" cha mwaka 2007, Daktari, shujaa wa tamthilia ya Doctor Who, anachungulia chini kabisa ya barabara iliyojaa magari na moshi. Magando makubwa yanachomoza kwenye ukungu. Anayatazama, kisha anataja jina moja: Macra. Wengi waliotazama walidhani ni dude jipya limebuniwa wiki hiyo. Kumbe kaa hao walikuwa wameshatokea kwenye televisheni mara moja, mwaka 1967, katika kisa cha sehemu nne kiitwacho "The Macra Terror", na hakuna hata sehemu moja ya kisa hicho iliyosalia kwenye hifadhi ya BBC. Mwandishi alikuwa anadokeza jambo la miaka 40 nyuma ambalo mtazamaji, hata akilitaka, hawezi kulirudia lote.

Hiyo ndiyo Doctor Who, tamthilia ya BBC ya Uingereza. Ilianza tarehe 23 Novemba 1963, ikasimama mwaka 1989, ikajaribu bahati kwa filamu moja ya televisheni mwaka 1996, kisha ikarejea mwaka 2005. Vipindi vyake vimeshapita 800, na karibu kila msimu mpya unachota kitu kutoka kwenye misimu ya zamani. Mtu anayeanza leo huona wenzake wakishangilia bango lililopita nusu sekunde, naye akabaki anauliza kuna nini.

Mwongozo huu ni wa huyo anayeuliza. Huhitaji kutazama vipindi vyote 800. Unahitaji kujua pa kutazama, na zaidi ya hapo unahitaji chujio, kwa sababu kuona madokezo si kazi ngumu sana. Kazi iko kwenye kuyakataa yale ambayo si madokezo.

Hatua ya kwanza: jua mifupa ya historia yake

Daktari ni msafiri wa anga na wakati. Chombo chake, TARDIS, kwa nje ni kibanda cha bluu cha polisi wa Uingereza, na kwa ndani ni kikubwa kuliko kwa nje. Akikaribia kufa hubadilika mwili na sura. Mbinu hiyo iliingizwa mwaka 1966 afya ya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza, ilipozorota, na Patrick Troughton akachukua nafasi. Ndiyo iliyoifanya tamthilia idumu, na ndiyo inayozaa madokezo mengi, maana kila Daktari mpya ana kumbukumbu za waliomtangulia.

Shika waigizaji wakuu kwa vipindi vyao vya miaka. Hartnell na Troughton ni wa miaka ya 60, picha nyeusi na nyeupe. Jon Pertwee alianza 1970, na rangi ikaanza naye. Tom Baker, yule wa skafu ndefu, alikaa kuanzia 1974 hadi 1981. Peter Davison, Colin Baker na Sylvester McCoy waligawana miaka ya 80. Paul McGann ana filamu ya 1996. Enzi mpya inaanza na Christopher Eccleston mwaka 2005, halafu David Tennant, Matt Smith, Peter Capaldi, Jodie Whittaker, na Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali aliyekulia Scotland.

Kitu kimoja huwachanganya wageni. Zamani kisa kimoja kiligawanywa katika sehemu, mara nyingi nne au sita, kila sehemu kama dakika 25, ikirushwa wiki kwa wiki. Enzi mpya kwa kawaida kisa kimoja ni kipindi kimoja cha dakika 45 hivi. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni cha Genesis, sehemu ya sita", anazungumzia dakika 25 za mwisho za kisa kirefu.

Kisha tazama visa vichache vinavyodokezwa kuliko vingine. Ningeanza na hivi:

"An Unearthly Child" (1963), kwa ajili ya shule ya Coal Hill, uwanja wa vyuma chakavu wa Totter's Lane, na Susan, mjukuu wa Daktari.

"The War Games" (1969), ambapo watu wa Daktari, Time Lords, wanaonekana kwa mara ya kwanza.

"Spearhead from Space" (1970), kwa sababu ya sanamu za dukani zinazotembea.

"Genesis of the Daleks" na "Pyramids of Mars", vyote vya 1975. Daleks ni maadui wakubwa wa Daktari. Kama una muda wa visa viwili tu kwenye orodha hii nzima, chukua hivi.

"The Deadly Assassin" (1976), kwa sheria na mavazi ya sayari ya Gallifrey.

"Logopolis" (1981), kwa kifo cha Daktari wa Tom Baker na kwa kengele moja nitakayoirudia.

"Remembrance of the Daleks" (1988). Hiki chenyewe kimejaa madokezo, nitakitumia kama zoezi.

Nimeacha vizuri vingi, na mashabiki wa Troughton watanilalamikia. Lakini orodha hii inalenga vinavyodokezwa, si vinavyopendwa.

Hatua ya pili: jua mwandishi alikuwa mtoto lini

Watu walioiongoza tamthilia tangu 2005 walikuwa mashabiki kabla ya kuwa waandishi. Russell T Davies alizaliwa 1963, mwaka ule ule ilipoanza. Steven Moffat alizaliwa 1961. Chris Chibnall, aliyezaliwa 1970, alionekana kwenye televisheni mwaka 1986 akiwa kijana, akiwakosoa waandishi wa Doctor Who ana kwa ana. Hata Peter Capaldi, kabla ya kuota kuwa Daktari, aliwahi kuandika barua ya shabiki iliyochapwa kwenye gazeti la ratiba la Radio Times mwaka 1974.

Hesabu umri wao, utaona kwa nini madokezo yameegemea miaka ya 70: ndiyo waliyoitazama wakiwa na miaka saba, nane, kumi. Ukiwa na shaka dokezo ni la enzi gani, anza kupekua enzi ya Pertwee na Tom Baker, kisha ndipo uende kwingine. Jina la mwandishi linaonyeshwa mwanzoni mwa kipindi. Lisome kila mara.

Hatua ya tatu: mara ya kwanza tazama kama mtu yeyote

Usishike kalamu, usisimamishe picha. Ukianza kuwinda kutoka dakika ya kwanza utapoteza hadithi, na bila hadithi hutajua dokezo linafanya kazi gani. Kumbuka tu sehemu ulipohisi kitu kimekaa pasipo pake: mtu ametajwa bila kuelezwa, kamera imeganda mahali bila sababu, Daktari amenyamaza ghafla. Hapo ndipo utakaporudi.

Hatua ya nne: mara ya pili, tazama nyuma ya waigizaji

Sasa simamisha picha upendavyo. Tazama mabango, vibao vya milangoni, magazeti mezani, vitu vilivyo kwenye kabati za vioo.

Chukua mwanzo wa "The Day of the Doctor", kipindi cha maadhimisho ya miaka 50 kilichorushwa 23 Novemba 2013. Kinaanza kwa picha nyeusi na nyeupe na muziki wa mwaka 1963, ule wa Ron Grainer uliotengenezwa kwa mitambo na Delia Derbyshire. Halafu askari polisi anapita gizani. Mwaka 1963 askari kama huyo alipita mbele ya geti la uwanja wa vyuma chakavu. Hapa anapita mbele ya kibao cha shule ya Coal Hill. Wengi huishia hapo, wanatabasamu, wanaendelea.

Simamisha kwenye kibao. Mwenyekiti wa bodi ya shule ni I. Chesterton. Huyo ni Ian Chesterton, mwalimu wa sayansi aliyeingia TARDIS kwa bahati mbaya katika kipindi cha kwanza kabisa. Kwa maneno mawili ya rangi kwenye ubao, mwandishi amekuambia kwamba Ian alirudi salama, akazeeka, na bado anaijali shule yake. Mwalimu mkuu ameandikwa W. Coburn, jina lililounganishwa kutoka kwa Waris Hussein, mwongozaji wa kisa kile cha 1963, na Anthony Coburn, mwandishi wake. Hili la pili ni salamu kwa watu wa nyuma ya kamera, halimhusu mhusika yeyote. Kibao kimoja, madokezo mawili ya aina tofauti. Yatenganishe kwenye kumbukumbu zako.

Na la Chesterton liliendelea. Oktoba 2022, katika "The Power of the Doctor", Ian mwenyewe alitokea kwa sekunde chache, akiigizwa na William Russell yule yule, akiwa na umri wa miaka 97. Mara ya mwisho alikuwa ameigiza nafasi hiyo mwaka 1965. Pengo la miaka 57 likaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness.

Kabati za vioo nazo usizipite. Katika "Dalek" (2005) tajiri mmoja wa Marekani ana jumba la siri la vitu vya anga, na Daktari anasimama mbele ya kichwa cha Cyberman, adui wa zamani aliye nusu mtu, nusu mashine. Hakielezwi sana. Msimu uliofuata Cybermen wakarudi. Kitu cha kwenye kioo kinaweza kuwa kumbukumbu na tangazo kwa wakati mmoja.

Hatua ya tano: tumia masikio

Watazamaji wengi huiruka hatua hii, nami naona ndiyo inayolipa kuliko zote. Rudia dakika chache huku umegeuza uso pembeni, usikilize tu.

Kuna kengele nzito, ya taratibu, inayolia ndani ya TARDIS mambo yakiharibika kabisa. Ilisikika kwanza katika "Logopolis" mwaka 1981, na inaitwa Cloister Bell. Enzi mpya huipiga bila kuitaja jina. Asiyeijua husikia kengele tu. Anayeijua ameshaambiwa kwamba hatari imefika kwenye chombo chenyewe.

Kuna sauti za watu pia. Katika "Utopia" (2007) profesa mzee anayeitwa Yana ameshika saa ya mfukoni, na saa inanong'ona. Ndani ya minong'ono hiyo kuna sauti ya Roger Delgado, aliyeigiza Master, adui mkubwa wa Daktari, kuanzia 1971 hadi 1973, na kicheko cha Anthony Ainley, Master wa miaka ya 80. Aliyeitambua sauti alijua Yana ni nani kabla Yana mwenyewe hajajua.

Lakini sikio nalo hudanganya. Mwaka 2024 adui mkuu wa msimu alikuwa Sutekh kutoka "Pyramids of Mars", na sauti yake ilitolewa na Gabriel Woolf, mtu yule yule wa mwaka 1975. Sasa, Woolf huyo huyo alikuwa pia sauti ya Mnyama katika "The Impossible Planet" na "The Satan Pit" mwaka 2006, kiumbe ambaye hadithi haikumfanya kuwa Sutekh. Sauti moja, viumbe wawili. Sauti inakupa sababu ya kuchunguza, haikupi jibu.

Hatua ya sita: shuku majina

Adui akijificha, jina lake la bandia huwa limeshonwa kwa makusudi. Master ndiye bingwa. Mwaka 1971, katika "The Daemons", alijifanya kasisi aitwaye Magister. Mwaka 1983 alijiita Sir Gilles Estram. Geuza herufi za Estram upate jina lake. Hata orodha ya waigizaji ilitumika kuficha: katika "Castrovalva" (1982) Ainley aliigiza mzee mwenye hekima, na jarida na skrini vikaandika mwigizaji ni Neil Toynay. Panga upya herufi hizo, utapata Tony Ainley.

Kwa hiyo andika kila jina geni, uligeuze, ulisome kwa sauti, utazame herufi za kwanza. Yana lilifumbuliwa kwa njia ya mwisho: lilikuwa herufi za mwanzo za onyo alilopewa Daktari vipindi vichache nyuma, kwamba hayuko peke yake.

Ila watayarishaji wanajua unafanya hivyo. Mwaka 2024 alitokea mfanyabiashara aitwaye Susan Triad. Mashabiki walishika "S Triad", wakaona herufi za TARDIS. Wakashika "Susan", wakaona mjukuu wa Daktari wa mwaka 1963. Vyote viwili vilikuwa mbele ya macho, hadi wahusika wenyewe wakavijadili ndani ya hadithi, na vyote viwili vilikuwa chambo. Jibu lilikuwa kwenye jina la kampuni yake likifupishwa na kutamkwa haraka: Sue Tech. Sutekh. Waliojua visa vya zamani walidanganyika vizuri kuliko wasiojua, na hiyo ndiyo raha yake. Ukipata jibu lililokuja mapema mno na kila mtu analo, endelea kutafuta.

Hatua ya saba: shika sentensi, na fuatilia inakokwenda

Mistari maarufu ni rahisi. Kubadilisha mwelekeo wa chembe za nyutroni ni kauli ya Daktari wa Pertwee, ambaye aliisema kwa ukamilifu wake katika "The Sea Devils" mwaka 1972, na waandishi wa leo huifupisha kama utani. Ukiisikia, tabasamu, andika "pambo", pita.

Kuna sentensi nyingine ambazo ni nguzo, yaani hadithi imesimama juu yake. Hapa nataka tukae kidogo.

Katika "Genesis of the Daleks" Daktari wa Tom Baker ameshika nyaya mbili mlangoni mwa chumba wanamokuzwa Daleks wachanga. Akizigusanisha tu, Daleks hawatakuwepo kamwe. Anasita. Anamuuliza msafiri mwenzake, Sarah Jane, kama ana haki ya kufanya hivyo, na anatoa mfano: mtu angekuonyesha mtoto, akakuambia atakua awe mwovu kabisa, je, ungeweza kumuua mtoto huyo? Kisa hicho hicho ndicho kilichomleta Davros, mwanasayansi aliyewaumba Daleks.

Ruka miaka 40. "The Magician's Apprentice" (2015) inaanza kwenye uwanja wa vita wenye ukungu. Mtoto wa kiume amenasa. Mikono yenye jicho kwenye kiganja inachomoza kwenye tope kumzunguka. Daktari wa Capaldi anamrushia bisibisi yake ya sauti, anamtia moyo, anamuuliza jina. Mtoto anasema: Davros. Na Daktari anaondoka.

Aliyetazama kisa cha 1975 anajua papo hapo kwamba ule mfano umekuwa kweli. Swali la nadharia limepata uso na jina, na Daktari yuko ndani yake. Mwandishi, Moffat, hakuwaacha wengine nyuma: baadaye Davros aliye kitandani akikaribia kufa anacheza rekodi za zamani, na ndani yake tunamwona na kumsikia Tom Baker akiuliza swali lile lile. Mgeni amepewa anachohitaji. Mkongwe alishakipata dakika nyingi kabla.

Kwa hiyo ukikutana na sentensi ya zamani, usiishie kuuliza imetoka wapi. Uliza nani anaisema sasa, kwa nani, na jibu limebadilika au la.

Upande wa pili wa sentensi ni simu isiyopata mtu. Brigedia Lethbridge-Stewart, rafiki wa Daktari wa kijeshi tangu 1968, aliigizwa na Nicholas Courtney, aliyefariki Februari 2011. Oktoba mwaka huo, katika "The Wedding of River Song", Daktari anapiga simu nyumba ya wazee akiwa na furaha tele, anataka Brigedia aandaliwe safari. Muuguzi anamwambia ameshafariki, na kwamba kila mara aliwaambia wamimine glasi ya ziada ya brandi, huenda Daktari akaja. Hakuna picha ya zamani, hakuna muziki wa zamani. Ni dakika moja tu, na ndiyo dokezo ninaloliona bora katika enzi yote mpya.

Hatua ya nane: chuja

Sasa una kurasa za vitu. Vingi ni takataka. Vipitishe kwenye maswali haya.

Je, ni mwendelezo wa kawaida? TARDIS kuonekana si dokezo. Dalek kuonekana si dokezo. Hivyo ni samani za nyumba.

Je, ni kitu kilichotumika tena kwa kubana bajeti? Mfano ninaoupenda ni nembo ya Time Lords, ile ya mistari iliyojikunja, iitwayo muhuri wa Rassilon. Ilipoonekana Gallifrey katika "The Deadly Assassin" mwaka 1976, haikuwa mara yake ya kwanza kwenye skrini. Ilishatumika mwaka mmoja nyuma, katika "Revenge of the Cybermen", kama alama ya watu wengine kabisa, Wavoga. Msanifu wa visa vyote viwili alikuwa Roger Murray-Leach, naye aliupenda mchoro wake akautumia tena. Ukijenga nadharia kwamba Wavoga ni ndugu wa Time Lords, umejenga juu ya mchanga.

Je, ni mwigizaji tu aliyerudi? Karen Gillan aliigiza mtabiri katika "The Fires of Pompeii" mwaka 2008, kabla ya kuwa Amy Pond, msafiri mwenza wa Daktari, mwaka 2010, na hadithi haikusema lolote juu ya hilo. Peter Capaldi alikuwa kwenye kipindi hicho hicho, kama mfanyabiashara wa Kirumi aliyeokolewa na Daktari. Kwake hadithi ilisema: katika "The Girl Who Died" (2015) Daktari anakumbuka uso ule aliutoa wapi, na kwamba aliuchukua ili ujumbe usimtoke, kwamba yeye huokoa watu. Kwa hiyo sura ile ile ya Capaldi ilikuwa bahati mwaka 2008 na ikawa nguzo mwaka 2015. Tarehe ni muhimu. Kitu kinaweza kugeuzwa dokezo baadaye na mwandishi mwingine.

Mfano mkubwa wa hilo ni "The Brain of Morbius" (1976). Katika pambano la akili, nyuso kadhaa zisizojulikana zinapita kwenye skrini, kana kwamba ni za Madaktari wa kabla ya Hartnell. Walikuwa ni watengenezaji wenyewe wa tamthilia wamevalishwa mavazi ya kale, akiwemo mtayarishaji Philip Hinchcliffe. Kwa miaka zaidi ya 40 watu wengi walizipuuza. Halafu "The Timeless Children" (2020) ikasema Daktari aliishi maisha mengi asiyoyakumbuka, na nyuso zile zikarudi kwenye skrini.

Swali la mwisho: kuna dalili ya mkono wa mtu? Kamera imekaa, mhusika ametazama, jina limetajwa mara mbili. Bila dalili yoyote, weka alama ya kuuliza, uende zako.

Hatua ya tisa: andika vizuri

Daftari au simu, vyote sawa, mradi kila ingizo liwe na mambo manne. Hivi ndivyo ningeandika kwa kipindi kimoja cha 2025:

*Kipindi:* "The Well", 2025.
*Kilichonishtua:* sayari isiyo na uhai, mgodi wa almasi, vioo vyote vimevunjwa, kitu kisichoonekana kinachokaa nyuma ya mtu.
*Kinakoelekea:* "Midnight", 2008. Sayari ya almasi, mwanga wa jua unaoua, kiumbe asiye na jina wala umbo.
*Uzito:* nguzo. Daktari anaulizia jina la zamani la sayari, na jibu linambadilisha uso.

Zingatia kwamba "kilichonishtua" kimeandikwa kabla ya jibu. Ndiyo mazoezi yenyewe: dalili tatu au nne zikikutana mahali pamoja, tafuta kisa cha zamani chenye mkusanyiko huo. Almasi peke yake haisemi kitu.

Kuhusu vipindi visivyoweza kutazamwa

BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 60 ili izitumie tena, na zaidi ya sehemu 90 bado hazijulikani zilipo. Baadhi hurudi kutoka mbali, kwa kuwa nakala za filamu ziliuzwa kwa vituo vya nchi nyingine. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa zimepotea zimepatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha kurushia matangazo. Ndizo zilizotupa "The Enemy of the World" kamili na karibu yote ya "The Web of Fear", kisa alichoanzia Brigedia yule wa simu.

Kwa zilizobaki, sauti zipo zote, kwa sababu mashabiki walirekodi kutoka kwenye televisheni zao nyumbani. Nyingi zimewekewa katuni juu ya sauti hizo. "The Macra Terror" ilipata yake mwaka 2019. Ukitaka kuelewa dokezo la miaka ya 60, anza na katuni, halafu rudi kusikiliza sauti tupu. Hadithi zilizoandikwa upya kama vitabu zinasaidia pia, lakini waandishi waliongeza mambo, kwa hiyo usitumie kitabu kuthibitisha kilichosemwa kwenye skrini.

Zoezi

Chukua "Remembrance of the Daleks", sehemu nne za mwaka 1988, iliyowekwa London ya Novemba 1963. Kabla ya kuitazama, rudia dakika 25 za kwanza za "An Unearthly Child", ukimwangalia Susan anapopewa kitabu na mwalimu wake Barbara, na kibao cha geti la Totter's Lane.

Kisha tafuta vitu vitatu. Kwanza, kitabu anachokiokota Ace, msafiri mwenza wa Daktari, kwenye maabara ya Coal Hill. Pili, televisheni iliyowashwa nyumbani, na kile mtangazaji anachoanza kusema kuhusu tamthilia mpya ya sayansi kabla picha haijakatwa. Tatu, geti la Totter's Lane kwa mara nyingine. Simamisha hapo, usome jina la mwenye uwanja herufi kwa herufi, ulilinganishe na la mwaka 1963. Kuna herufi moja imepungua. Ipitishe kwenye maswali ya hatua ya nane, uamue mwenyewe uiandike wapi.